Chumba Kilicho Jirani na Mashine ya Kufulia

Nyumba ya Madirisha ya Kijani,
Nyuma ya Posta ya zamani.
Jumanne, tarehe tisa.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu zangu nyingi, zenye heshima na upendo, kutoka kwa mzee ambaye mkono wake siku hizi hautii amri kama zamani. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wewe, mkeo na watoto, na kwamba baridi ya huko imewahurumia. Sisi huku, kwa kadiri alivyotujalia Mwenyezi Mungu, tunaamka. Magoti yangu hunikumbusha umri kila ninapoinuka, na kwa kuwa yanaifanya kazi hiyo kwa uaminifu, sithubutu kuyalaumu. Mama yako ana afya, ila hali chakula inavyompasa. Baba yako yu hai. Nimeona niliseme hilo mapema, usije ukasoma salamu zangu ndefu huku roho imekuruka.

Nakuomba radhi kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nyingi kuliko ningependa kukiri: mara mezani kwangu, mara kwenye benchi la hospisi, mara kwenye ngazi za hospitali nikisubiri kuitwa. Kila nikiandika mistari miwili mitatu nainuka, naenda dirishani, narudi, naona nilichoandika hakifai. Chai niliyojimiminia imepoa pembeni na sijaigusa. Ukiona wino umebadilika rangi katikati ya ukurasa, ndiyo sababu. Shuleni misheni tulifundishwa kwamba barua huandikwa na mtu aliyeketi na kutulia. Mwalimu wetu wa insha, Mungu amrehemu, asingenipa hata nusu ya alama.

Niwie radhi pia kwa kuandika badala ya kungoja simu yako ya Jumapili. Simu imetushinda, mwanangu. Mama yako huanza kulia kabla hujamaliza kusalimu, mimi hushikwa na kikohozi, wewe huongea upesi kwa kuhofia laini itakatika, na baba yako hujibu "ndiyo" kwa kila kitu. Hizo "ndiyo" za baba yako ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Basi niseme jambo lenyewe. Umetuambia kwamba umezungumza na daktari bingwa wa hospitali kuu, kwamba kitanda kimetengwa, na kwamba Jumatatu ijayo, tarehe kumi na tano, gari la wagonjwa litamchukua baba yako kutoka hospisi na kumrudisha wodini, ili pumzi ikimlemea awekwe kwenye mashine ya kupumulia. Mama yako amekubali, kwa kuwa wewe ndiwe mtoto wake. Lakini kila nikiingia ananitazama usoni, akingoja neno la kaka yake. Nami tangu juzi nazunguka kati ya majengo hayo mawili kama kuku anayetafuta pa kutaga. Naomba unisikilize hadi mwisho, kisha uamue.

Nianze na hospitali, kwa kuwa haki yake lazima ipewe. Pale ndipo walipomtoa baba yako maji kifuani, akapumua tena mbele ya macho yetu. Pale ndipo walipotutajia ugonjwa bila kuzungusha maneno: saratani ya mapafu, nayo imekwisha kufika mifupani. Wauguzi wa wodi ile hutembea kama watu wanaokanyaga makaa, si kwa kukosa huruma bali kwa kukosa nafasi. Asubuhi kundi la madaktari huja kitandani, hutazama picha, hutazama faili, huulizana kwa lugha yao, kisha huhamia kitanda cha pili. Hakuna aliyemuuliza baba yako anataka nini, na yeye hakutarajia kuulizwa. Aliniambia mwenyewe, akicheka kwa upande wa kifua usiouma, "Shem, hata mimi mashine yangu ya kusaga haijawahi kuuliza nafaka."

Marehemu mke wangu, mkaza mjomba wako, alilazwa hospitali hiyohiyo. Walimpasua, wakampa miaka ambayo hatukuitazamia, na hadi leo nikipita lango lile huvua kofia. Lakini siku yake ya mwisho kengele ya kuwatoa wageni ililia, na mlinzi, mtu mwenye adabu zake, akaniambia, "Mzee wangu, muda umekwisha." Nilitoka, maana nimelelewa kutoka kengele inapolia. Aliaga dunia ningali nje ya lango, chupa ya chai mkononi, nikingoja kengele ya kuingia. Simlaumu mtu. Nimekutajia tu ujue kwamba ninayokuandikia siyo ya kusimuliwa.

Sasa hospisi. Wenyewe huiita nyumba ya tiba shufaa, yaani tiba ya kumtuliza mgonjwa ambaye ugonjwa wake haurudi nyuma tena. Ni jengo la chini, lenye milango mipana, mwisho wa mtaa wa mafundi wa baiskeli. Kengele hakuna. Mama yako ana kitanda chake cha kukunja kando ya mumewe, na jiko la ndugu wa wagonjwa ana ruhusa ya kuliingia wakati wowote. Amekwisha kuwafundisha wapishi namna ya kupika uji, japo hawakumwomba. Sitakuficha upungufu wake. Mashine ya picha hawana. Damu ya kuongezwa hawana. Daktari huja siku maalumu, na siku nyingine ni kumpigia simu tu. Siku ya kwanza nilipoviona vyumba vile vitupu, meza moja, kiti kimoja, mtungi wa oksijeni pembeni, nilijisemea: tumemleta mtu wetu mahali pa kusubiri.

Na ile dawa uliyoilalamikia. Ulisema, "Wanamlevya baba." Nami niliogopa hivyohivyo, kwa kuwa neno mofini tangu ujana wetu lilikuwa neno la kunong'onwa. Nilimwendea muuguzi mkuu, mama mmoja mrefu sana ambaye baba yako amempa jina la Sista Mlingoti, naye amelipokea. Nilimuuliza kwa kuzungukazunguka, kama ulivyo udhaifu wangu. Akanijibu moja kwa moja. "Mzee, sisi hatungoji maumivu yapige hodi. Tunakaa mlangoni kabla hayajafika. Dawa ya maji, kidogokidogo, kwa saa zake. Akisinzia sana, tunapunguza. Wewe mtazame tu, halafu uje unigombeze."

Nilimtazama. Baada ya siku chache aliweza kugeuka kitandani bila kuuma shuka. Akaanza tena kunichokoza, jambo ambalo hospitalini alikuwa ameliacha. Siku moja nilimwambia, "Shemeji, nilikupa dada yangu umtunze, sasa yeye ndiye anayekutunza. Huoni haya?"

"Ulinipa?" akasema. "Mlimtupa! Mlikuwa mnatafuta pa kuupeleka ule mdomo."

"Nipo hapahapa na ninawasikia," mama yako akasema, akimkorogea uji.

Baba yako akauonja ule uji, akauzungusha mdomoni, akatikisa kichwa. "Unga huu umesagwa na mtu mwenye haraka."

Ungemsikia, ungecheka. Lakini wewe hukumsikia siku hiyo. Ulimsikia siku zilizofuata, na hapo ndipo tulipokosea, sote kwa pamoja, na kosa lenyewe tulilitenda kwa upendo.

Tulimwombea chumba chenye utulivu kuliko vyote. Kilikuwa mwisho kabisa wa ujia, kinatazama ua wa nyuma, mbali na jiko, mbali na lango. Mama yako alikunja kanga akaisukumiza chini ya mlango ili hata nyayo zisisikike. Wageni walivua viatu nje na kuongea kwa midomo mitupu, kama samaki. Mimi nilichukua kadi nyeupe nikaandika kwa ile hati tuliyofundishwa na wamisionari, TAFADHALI KIMYA, nikaibandika mlangoni, na nakiri niliifurahia herufi K. Tulifika hadi kumwomba Sista Mlingoti mlango wa chumba cha kufulia nguo uwe unafungwa, ingawa uko upande wa pili wa jengo.

Na kadiri tulivyozidisha kimya, ndivyo alivyozidi kuhangaika. Alikuwa akisinzia kidogo, kisha anashtuka kama mtu aliyeitwa. Anazichunachuna shuka. Anataka kushusha miguu. Anamtazama mama yako kwa hofu na kusema, "Imesimama. Mbona imesimama?" Mama yako anamuuliza nini kimesimama, naye anageuza uso ukutani. Sista alipima, akaangalia dawa, akaangalia choo, akaangalia homa, akasema hii siyo sura ya maumivu anayoyajua. Aliongeza dawa kidogo. Haikusaidia. Tukaanza kunong'onezana kwamba labda ndiyo safari yenyewe inaanza, maana wazee husema mtu anayetaka kuondoka huhangaika.

Ndipo ulipopiga simu ukamsikia akilia kwa nguvu, nawe ukasema maneno ambayo mama yako hajayasahau: "Hospitalini alikuwa analala. Huko mnamtesa." Ilikuwa kweli, mwanangu. Hospitalini, pamoja na shida zote, alikuwa akilala fofofo. Nilivaa koti nikaenda mwenyewe kwa daktari bingwa, kofia mkononi, kuuliza kama kitanda kinaweza kupatikana. Wewe ulimwomba kwa simu, mimi nilimwomba kwa miguu. Kwa hiyo usidhani kwamba tangu mwanzo nilikuwa upande mwingine.

Sasa nikueleze lililotokea Ijumaa. Chumba chake kilitakiwa kupigwa deki kwa dawa, basi kitanda kikasukumwa nje, na mahali pekee penye nafasi palikuwa mwisho wa pili wa ujia, mbele ya chumba cha kufulia. Huko kuna mashine kubwa ya kizamani, imefungwa kwa boliti kwenye saruji, na ikianza kukamua nguo jengo zima hutetemeka. Mama yako aliposikia ngurumo ile alitangulia mbio, akamkuta dobi, bwana mmoja mnene mwenye mikono iliyolowa hadi kwenye viwiko.

"Zima hiyo! Nina mgonjwa!"

"Mama, humu ndani kila mtu ana mgonjwa," dobi akasema. "Shuka ziko nusu. Nikizima sasa zitavunda, kesho mtanitukana tena."

"Nitakutukana leo, kwa nini nisubiri kesho?"

Walikuwa katikati ya mashindano hayo nilipogeuka kumtazama baba yako, nikidhani nitamkuta amejishika masikio. Alikuwa amelala. Mdomo wazi, kidole kimoja kikining'inia nje ya kitanda, anakoroma kama alivyokuwa akikoroma tulipokuwa vijana nami nikimwonea wivu. Nilimgusa mama yako begani. Alinyamaza katikati ya neno. Tulisimama pale watu watatu, na dobi akiwa mmoja wetu, tukimtazama mtu aliyelala kama watu wanaotazama mvua baada ya kiangazi.

Kisha mashine ikamaliza kazi yake, ikapunguza mwendo, ikasimama. Hata maji hayakuwa yamekauka kwenye mpira, baba yako akafungua macho. Alitutazama kwa ile sura aliyokuwa akiwatazama vibarua wake. "Nani kakata mkanda?"

Mama yako aliketi juu ya kapu la nguo chafu, akacheka na kulia kwa wakati mmoja. "Kaka, sisi ni wapumbavu. Ukuta wa chumba chetu cha nyumbani na ukuta wa kinu chake cha kusaga ni ukuta mmoja. Nimelala na mtu huyu nyuma ya kinu tangu nimeolewa."

Umeona sasa? Kwa sisi wengine kimya ni mapumziko. Kwa baba yako, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Kinu, kimya ni ajali. Kimya maana yake mkanda umekatika, au chuma kimeingia kwenye unga, au kibarua amepata ajali, na nje watu wamepanga foleni na vyombo vyao. Alikuwa akiweza kulala mashine ikinguruma hatua tatu kutoka kichwani pake, na ikisimama tu yuko wima, anatafuta viatu. Nasi tulimfungia ndani ya kimya kile na kumwekea kanga chini ya mlango. Hospitalini alilala kwa sababu jenereta lilikuwa chini ya dirisha lake, na toroli zilikuwa zikipita, na mashine za jirani zikilia. Haikuwa dripu iliyomlaza.

Na wewe, Gunia wetu, niwie radhi kukuita jina la utotoni, wewe baba wa watu. Unajua lilikotoka? Mama yako alikuwa akikulaza juu ya magunia matupu mle mle mashineni, unga umekujaa kwenye nyusi, unalala kama mfalme. Mashine ikizimwa kwa ajili ya chakula cha mchana, unaamka na kulia mpaka iwashwe. Nimekushika mikononi mwangu ukilia hivyo. Sikuelewa wakati ule, na ilinichukua hadi Ijumaa kuelewa.

Basi amehamishwa. Kando ya chumba cha kufulia kuna chumba walichokuwa wakiwekea magodoro na fimbo za kutembelea. Hakuna familia iliyowahi kukitaka. Sista Mlingoti alituuliza, "Mna hakika? Ukuta unatetemeka." Mama yako akamwambia ndiyo sifa yake. Dobi naye, ambaye sasa yeye na mama yako ni marafiki wa kutukanana, amegawanya nguo zake ili mashine izunguke mara nyingi zaidi, kidogokidogo, kama ile dawa. Mashine ikipumzika wanawasha feni ya zamani yenye kugongagonga. Na feni ikizimwa, mama yako hugonga chuma cha kitanda kwa pete yake ya ndoa, taratibu, bila kuchoka. Kadi yangu ya TAFADHALI KIMYA alitaka kuikunja aiweke chini ya mguu wa feni isigonge, kisha akakumbuka, akaichana.

Analala, mwanangu. Anaamka akiwa mtu.

Utaniambia: basi mjomba, kama ni kelele tu, hospitali ina kelele tele, mrudisheni. Niliyasema hayo nikiwa njiani kurudi nyumbani, nikasimama barabarani, nikageuka, nikarudi, nikageuka tena. Muuza magazeti akaniuliza kama nimepotea. Kwa hiyo Jumamosi niliamua kumuuliza mwenyewe. Lakini wajua baba yako. Ukimuuliza kwa adabu atakujibu kwa adabu, yaani atakupa kile anachodhani unakitaka. Mteja hakuwahi kuambiwa "hapana" katika mlango wa kinu kile. Njia ya kupata ukweli kwake ni utani, na utani huo sina budi kuutumia mimi, shemeji yake, kwa kuwa wewe huna ruhusa nao.

Nikamwambia, "Shemeji, tarehe kumi na tano unahama. Mwanao amekutafutia mashine ya kisasa. Wanakutia mpira kooni, inakuvutia pumzi yenyewe, wewe umelala tu. Utakuwa bwana mkubwa."

Alikuwa ameweka kiganja ukutani, mashine ya kufulia ikizunguka upande wa pili. "Mtu akiwa nayo, anaongea?"

"Haongei. Wanamlaza usingizi ili asiung'oe."

"Na huyu mpiga kelele wako, anakaa wapi?"

"Dada? Nje. Ataingizwa kwa zamu, kidogo."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, bila utani wowote ndani yake, "Shem, mimi mashine nimeisikiliza maisha yangu yote. Kuisikiliza naitaka mpaka mwisho. Kuimeza, sitaki."

Akanifinya mkono. "Lakini usimwambie mtoto. Ataona nimemkatalia."

Nami nakuambia. Naomba unisamehe wewe, na naomba yeye anisamehe, kwa kuivunja siri hii siku chache tu baada ya kuipokea. Jumapili ulipopiga simu mimi ndiye niliyeishika sikioni kwake. Ulimuuliza, "Baba, nikurudishe hospitali?" Nikamsikia akikusanya pumzi zake zote, akajibu kwa sauti ya mtu mzima asiye na ugonjwa, "Ndiyo, mwanangu. Fanya unavyoona." Kisha akanitazama. Simu ilikuwa mkononi mwangu na sikusema neno, kwa sababu kumkanusha mtu mbele ya mwanawe si jambo ninaloliweza. Kuandika naweza.

Jana nilirudi kwa daktari bingwa. Nilimwomba anieleze kama angemweleza ndugu yake. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema, "Mzee, mashine itampa siku. Ngapi, sijui. Ila sitakudanganya, kwa mapafu yale, kumwingiza ni rahisi kuliko kumtoa." Alisema kitanda atakishikilia hadi Jumatatu adhuhuri kama alivyokuahidi, na kwamba hatatulaumu kwa lolote. Kisha akaongeza, kama anayejisemea, kwamba angekuwa baba yake angetaka yafanyike yote, na angekuwa yeye mwenyewe asingetaka. Ni mtu mwema. Nimemwandikia kikaratasi cha shukrani.

Usidhani nakuandikia nikiwa nimetulia. Sijatulia. Najiuliza: je, pumzi ikimbana ghafla? Nilimuuliza Sista, akaniambia wana dawa ya kuondoa ile hofu ya kukosa hewa, na kwamba atakuwapo yeye au mwenzake, na hakuna atakayemfukuza mke chumbani. Akapata homa ya mapafu? Akasema kinachotibika watakitibu palepale, na kisichowezekana pale ila kinaweza kumpa nafuu ya kweli, watampeleka hospitali wenyewe bila kungoja kuombwa. Nilimwamini. Nilipofika nyumbani nikaanza kuuliza upya, kuta zikanijibu kwa ukimya wao. Naona hata mimi sasa siupendi.

Sikuombi ukubali kwa kuwa mimi ni mjomba. Wala sisemi kwamba ulikosea kutafuta kitanda kile. Mtoto aliye mbali hutuma alichonacho, nawe ulikuwa na simu na sauti yako tu, ukavituma vyote viwili. Ninalokuomba ni hili. Mpigie daktari, umshukuru, umwachie kitanda ampe mwingine. Kisha mpigie baba yako. Usimuulize anataka nini, maana swali hilo hajui kulijibu kwako. Mwambie, "Baba, kaa hapohapo ulipo." Atakujibu "ndiyo, mwanangu," kama kawaida yake. Ila ndiyo hiyo itakuwa ya kweli.

Na ukisikia mvumo mzito nyuma ya sauti yake, tafadhali usiseme laini ni mbovu, wala usikate. Sikiliza nawe. Huenda ukasinzia.

Nifikishie salamu kwa mkwe wetu, na umwambie dawa ya magoti aliyonitumia naipaka kwa utiifu. Wasalimie watoto, hasa yule mwenye mwanya aliyenichora nikiwa na masharubu. Picha yake iko ukutani mwa babu yake, inatetemeka pamoja na ukuta. Mama yako anakusalimu na kusema ule. Dobi anakusalimu pia, ingawa hamjuani, na ameniomba nikueleze kwamba si yeye aliyeanza ugomvi. Jirani yangu mshona viatu, aliyekutengenezea viatu vya kwanza vya shule, anauliza kama bado unavikanyaga visigino.

Mwenyezi Mungu akulinde uingiapo na utokapo, aifanye mizigo yako myepesi, na akujalie siku ile utakapohitaji kusikilizwa, apatikane wa kukusikiliza. Niwie radhi kwa urefu wa barua, kwa wino, na kwa lile nililokuambia bila ruhusa.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye tangu enzi za magunia.

Tanbihi: Barua hii nimemkabidhi mke wa mchungaji wetu, anayeondoka Alhamisi kuja kumtazama binti yake huko kwenu, na ameahidi kukuletea mkononi kabla hata hajafungua sanduku lake. Anarudi huku Jumatano inayofuata. Ameniambia, nami sikumwuliza, kwamba kwenye ndege ya kurudi kiti cha kando yake bado hakijapata mtu.